Mwosho wa Tatu

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Fausta Haonga alimulika kichupa kwa tochi ya zambarau, na moyo ukamlipuka paa.

Tochi yenyewe ilikuwa ya aina ile wanayotumia wabadilisha fedha wa Tunduma kukagulia noti bandia. Kimiminika kilichokuwa kichupani, kikipigwa na mwanga wake, kilipaswa kuwaka buluu kali, buluu ya moto wa jiko la gesi. Dakika ishirini nyuma kilikuwa kikiwaka hivyo. Sasa kilikuwa na buluu ya sketi ya shule iliyorithiwa na mtoto wa tatu. Alizima tochi, akaiwasha tena, akiomba Mungu iwe betri. Haikuwa betri.

Mikono yake ilikuwa ndani ya glovu nene za mpira zilizoshikizwa kwenye ukuta wa sanduku la kioo. Sanduku hilo lilijazwa gesi ya agoni, kwa kuwa hewa ya kawaida na unyevu wake huiua upesi kazi ya namna ile. Alichokuwa amefanya alikijua. Alikuwa ameosha mara tatu. Maelekezo yalisema mara mbili. Na kwenye daftari la maabara, kwa wino, kwa mwandiko wake, ilikuwa imeandikwa mara mbili, maana ukurasa aliujaza asubuhi kabla hajagusa chombo, kama alivyozoea.

Chumba hicho kipo Vwawa, katika ghala la zamani la kahawa lililopigwa chokaa na kuwekwa milango miwili ili vumbi la barabara kuu lisipenye. Mwenye mradi ni Daktari Osea Simbeye, mwana wa Mbozi aliyesomea kemia mbali, akarudi na fedha za utafiti za miaka miwili na wazo moja: kuifanya taa ya buluu iwake vizuri zaidi. Watu humcheka, kwa sababu taa za buluu zimejaa kila baa ya Tunduma. Yake siyo zile. Yake inatokana na punje za perovskaiti, fuwele ndogo mno ambazo ukizipanga elfu kumi kwa mstari ndipo unapata unene wa unywele. Wataalamu huziita nukta kwantamu. Ghalani waliziita punje tu, wakaelewana.

Skrini ya simu inataka rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Punje za nyekundu na za kijani zinakwenda vizuri huko duniani. Buluu ndiyo inayosumbua. Unaipa umeme, inaugeuza joto badala ya mwanga, halafu inakufa mapema. Taa bora ya Daktari Osea, katika kila chembe mia za umeme zilizoingia, ilitoa mwanga wa chembe tatu. Tatu kwa mia, na kwenye maombi ya fedha alikuwa ameahidi sita. Alhamisi angekuja mkaguzi wa mfadhili, Mercy Kibona, na kipimo chake mwenyewe. Taa isipoonyesha maendeleo, ghala linafungwa. Malighafi ya kutengenezea punje nyingine ilikuwa imekwisha, na ya kuagiza huchukua wiki nyingi. Kichupa kilichopauka mkononi mwa Fausta ndicho kilichokuwa cha mwisho.

Yeye lakini, ukweli usemwe, hakuanza kwa kuuhurumia utafiti. Alianza kwa kufikiria kazi yake. Awali ghalani kulikuwa na mtu wa tatu, Jastin. Mwezi wa tano Jastin alifungua sanduku la kioo kabla ya wakati, akasema hakufungua. Daktari Osea alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia achukue koti lake. Mambo yaliisha kwa dakika nne. Fausta alikuwa anasuuza vyombo kwenye sinki, na kwa woga hata bomba hakulifunga.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alizaliwa Ihanda, kwenye shamba la kahawa la mzee Emanueli Haonga, akasomea stashahada ya maabara, akakosa ajira, akaenda Tunduma kuuza chaja na makava ya simu. Miaka sita alisimama nyuma ya meza ya mbao karibu na mpaka, akaongea na Wazambia Kibemba cha kuokoteza, akajifunza kukaa kimya mpaka mteja ataje bei yeye. Daktari Osea alimkutia hapo hapo, akiulizia tochi ya zambarau. Fausta akamuuliza anataka ya urefu gani wa wimbi. Yule mtu alisimama akamtazama kama aliyesikia mbuzi akisalimia. Wiki mbili baadaye Fausta alikuwa Vwawa, amevaa koti jeupe.

Tangu siku hiyo hakuna kilichoingia ghalani bila kupita mdomoni mwake. Agoni aliipata kwa Nsajigwa, fundi wa Tunduma anayechomelea matenki ya alumini ya malori.

“Dada, mteja wa hewa karibu,” Nsajigwa alikuwa akimtania. “Kwenu Vwawa hamna hewa?”

“Ipo, ila inanuka. Nipe mtungi uliojaa, siyo kama ule wa juzi.”

“Ule ulijaa. Ninyi mnavuta kwa pupa.”

“Nilikuja na mizani, kaka. Tuupime?”

Hawakupima. Nsajigwa alibadilisha mtungi huku akicheka, na hakurudia tena mchezo ule. Mtu wa namna hiyo haogopi ovyo. Jumanne hiyo Fausta aliogopa.

Kosa lenyewe mtu wa Dar es Salaam asingelifanya. Punje zinapotengenezwa huvikwa mafuta, kila moja na manyoya yake marefu ya mafuta, ili zisigandamane. Mafuta hayo yakibaki mengi yanazuia umeme kupita, kwa hiyo punje huoshwa: unatia dawa ya kuzitenga, unaziweka kwenye mashine inayozungusha kwa kasi, zinatua chini, unamwaga mafuta yaliyo juu. Ukiosha kidogo, umeme haupiti. Ukiosha kupita kiasi, punje zinavuliwa kila kitu, zinabaki na mashimo mwilini, na mwanga unapotelea mashimoni. Daktari Osea alijaribu miezi minane mpaka akafika kwenye mbili.

Ila Fausta alilelewa na karo la kuoshea kahawa. Ihanda, kahawa iliyomenywa hulala ikichacha, kisha huoshwa, na hakuna anayehesabu. Unatia mkono, unasugua. Ikiteleza, unaongeza maji. Inapokwaruza kama kokoto, umemaliza. Mzee Emanueli alikuwa akimpiga kofi la mkono mtoto aliyesema imetosha wakati bado inateleza. Jumanne hiyo, baada ya mwosho wa pili, Fausta aliinamisha kichupa, akaona kimiminika kinashuka kwenye kioo polepole, kikiacha utando. Utelezi. Daktari alikuwa amekwenda Mbeya kufuata vioo vya kujengea taa. Mkono wa Fausta ulichukua dawa ukaosha tena, na akili ikaufuata nyuma.

Sasa alisimama akipanga uongo. Angeweza kusema agoni ilikuwa chafu, ila hapo angemchoma Nsajigwa, na kesho angehitaji mtungi mwingine. Angeweza kusema joto, lakini kipimajoto kinajiandikia chenyewe. Umeme nao haukukatika tangu Jumapili. Kila uongo aliushika, akaugeuza, akaona mshono wake. Miaka sita ya kuuza bidhaa za bandia zinazofanana na halisi ilimfundisha jinsi mnunuzi mwerevu anavyoutafuta mshono.

Saa sita akamulika tena. Ilikuwa imepauka zaidi. Punje zilizovuliwa hivyo hazingoji. Kila saa inayopita zinagandamana na kufa. 

Dawa yake aliijua kwa jina. Ni chumvi fulani ya bromini, yenye manyoya mafupi, ambayo hujaza mashimo na kuivisha punje nguo nyepesi inayopitisha umeme. Kijiko kimoja kilikuwepo, kimefungiwa kwenye droo ya Daktari, na ufunguo anatembea nao. Fausta alitoka mbio hadi duka la pembejeo, akaomba dawa ya kuoshea mabanda ya kuku, akasoma maandishi ya nyuma ya chupa. Ndugu wa ile chumvi alikuwemo.

“Una kuku wangapi, mama?” aliuliza muuzaji.

“Sina kuku.”

“Basi unaosha nini?”

Fausta alisoma mstari wa mwisho. Sehemu kubwa ya ile dawa ilikuwa maji. Kuitia kwenye punje ni kuzimalizia kabisa. Akairudisha chupa kwenye rafu, akatoka bila kujibu, na muuzaji akamsindikiza kwa macho ya mtu anayehesabu rafu yake.

Nje ya duka alimpigia baba yake.

“Baba, kahawa ikioshwa ikapitiliza, unafanyaje?”

“Umeosha kahawa ya nani?” mzee Emanueli aliuliza. “Wewe si unatengeneza taa?”

“Nauliza tu.”

“Hakuna anayepiga simu saa sita mchana kuuliza tu.” Alikohoa, akaendelea. “Mwaka ule ulipokuwa kidato cha pili, kahawa ya karoni ilinichachia siku mbili zaidi. Harufu ya siki. Mama yako akasema tuichanganye na nzuri. Mimi nikaenda kwa mnunuzi kabla hajatia mkono kwenye gunia, nikamwambia hili limechacha. Akanishusha daraja, akanitukana kidogo.”

“Halafu?”

“Halafu mwaka uliofuata akanunua tena. Mzigo wa jirani, alioushika mwenyewe mkono ukanuka, hajaununua mpaka leo. Umeharibu nini, Fausta?”

“Nitakuambia, Baba.”

“Usiniambie mimi. Mimi siyo mnunuzi.”

Daktari Osea alirudi saa tisa, mkoba begani, boksi la vioo amelikumbatia kama mtoto mchanga. Alikuwa na furaha, na hiyo ilimtia Fausta hofu zaidi.

“Punje hazijambo?”

“Daktari, kabla hujavaa koti, nina neno.”

“La mitungi?”

“La punje. Zimepauka. Najua kilichotokea na nadhani najua cha kufanya. Lakini kwanza nataka uniahidi kwamba Jumatatu nitakuwa na kazi.”

Daktari Osea aliweka boksi mezani polepole. “Unanipangia bei?”

“Napanga.”

“Hapa siyo Tunduma, Fausta.”

“Najua. Ila nisiposema, utatafuta kosa kwenye gesi, utatafuta kwenye joto, na punje zitakufa leo hii ukiwa bado unatafuta.”

“Mimi sinunui kitu nisichokiona,” alisema. Sauti haikupanda. Ilikuwa sauti ile ile ya siku ya Jastin. “Sema, halafu nitaamua. Au usiseme, uchukue koti lako.”

Katika maisha yake yote ya biashara Fausta hakuwahi kumkabidhi mteja mzigo kabla ya makubaliano. Aliangalia mlango, akaona ulivyo karibu.

“Nimeosha mara tatu.”

“Daftarini umeandika ngapi?”

“Mbili. Niliandika asubuhi, kabla ya kuosha.”

Daktari alilifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari, akakiacha hapo.

“Kwa nini tatu?”

“Ya pili iliacha utelezi kwenye kioo.”

“Nani alikuambia utelezi ndiyo kipimo?”

“Baba yangu.”

“Ni mkemia?”

“Ana kahawa. Ihanda.”

Daktari Osea alifumba macho, akajisugua paji la uso. “Mimi nimeosha kahawa mpaka kucha zikalainika. Nikaenda kusoma makusudi ili nisioshe tena.” Hakuwa anatania, au kama alitania uso haukuonyesha. Alichukua tochi, akamulika kichupa kupitia kioo, akatazama muda mrefu. “Zimevuliwa uchi kabisa hizi. Wewe ulifikiria nini? Ile chumvi fupi?”

“Ndiyo. Kama ziko uchi, si itakaa vizuri kuliko ilivyokaa kwa zile zenye mafuta?”

“Au zitamomonyoka. Na nikiitumia, hatuna punje wala chumvi.”

“Bila kuitumia punje pia hatuna.”

Akatoa ufunguo. Fausta akasogea kumpisha, lakini Daktari alimwonyesha glovu kwa kidole. “Wewe ndiye uliyezivua. Wewe utazivisha.”

Alitia mikono. Chumvi iliyeyushwa, akaitia tone kwa tone huku mwenzake akisoma saa kwa sauti. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu hakuna. Ya tano Fausta aliona kichupa kinaingia ukungu, akajua zinagandamana, akajiona amebeba koti akishuka ngazi za ghala. “Usiache,” alisema Daktari. Ya tisa ukungu ulianza kujitoa, na chini ya tochi buluu ikarudi kidogo kidogo, ikapita pale ilipokuwa asubuhi, ikakaza. Hakuna aliyeshangilia. Daktari Osea alisema tu wajenge taa kabla buluu haijabadili nia, wakajenga nne mpaka jua linazama. Kuhusu Jumatatu hakugusia, na Fausta hakuthubutu kuuliza.

Alhamisi Mercy Kibona alifika saa tatu kamili, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, akikataa chai kwa heshima. Taa ya kwanza haikuwaka. Ya pili iliwaka upande mmoja. Ya tatu iliwaka yote, kamraba kadogo ka buluu, na kipimo kikapanda: tatu, nne, nne na nusu, tano nukta nane. Kikakaa hapo. Dakika kumi na moja baadaye kakafifia, kakazima.

“Tano nukta nane,” alisema Mercy, akiandika. “Sita haijafika, na haidumu. Lakini kutoka tatu ni hatua kubwa.” Akavuta daftari la maabara, akafunua ukurasa wa Jumanne. “Naona chumvi imeongezwa mchana. Miosho ni miwili, kama zamani. Kwa hiyo tofauti yote imeletwa na chumvi?”

Daktari Osea aligeukia dirisha. Fausta akaelewa kwamba ameachiwa yeye, na akaelewa pia kwamba kunyamaza kungetosha. Namba ilikuwa nzuri. Mkaguzi ameridhika. Kalamu imeshaanza kuandika. Akakumbuka mkono wa mnunuzi ukiingia kwenye gunia.

“Ni tatu,” alisema. “Niliosha mara tatu. Mbili niliiandika kabla ya kazi.”

Mercy aliinua macho. “Ukurasa huu uliandikwa kabla ya kazi?”

“Ndiyo.”

“Na kurasa nyingine?”

Hilo hakulitegemea. Lilimjia kama ngazi iliyokosekana gizani. Kurasa nyingine zilikuwa za mwaka mzima.

“Zote,” alisema. “Zote najaza asubuhi. Nikibadilisha kitu narekebisha, lakini siku hiyo sikurekebisha.”

Daktari Osea aligeuka kutoka dirishani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. La kurasa zote hakuwa analijua.

“Kwa hiyo hata ile tatu kwa mia ya zamani,” Mercy alisema taratibu, “sina hakika ilioshwa mara ngapi.”

“Huna,” alijibu Fausta.

“Ulijuaje kwamba mwosho wa tatu umetosha?”

“Kwa jinsi kimiminika kilivyoshuka kwenye kioo. Kiliacha kuteleza.”

“Hilo siwezi kuliandika kwenye ripoti.”

“Najua.”

Mercy alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alisema namba hiyo hataiingiza. Ataandika kwamba ameona taa moja ikifika tano nukta nane kwa njia isiyorekodiwa sawasawa, na kwamba anaomba mfadhili alete malighafi mpya na kuongeza miezi mitatu, kazi yote irudiwe tangu mwanzo mbele ya kamera. “Ikirudi, nitaiandika kwa furaha. Isiporudi, nitaandika hivyo pia.” Akafunga mkoba, akaaga, gari likaondoka kuelekea Mbeya.

Walibaki wawili. Fausta alivua koti mwenyewe, akalikunja, akaliweka mezani, kwa sababu kuambiwa kungeuma zaidi.

“Mwaka mzima, Fausta,” alisema Daktari Osea.

“Mwaka mzima, Daktari.”

“Jumanne nilikuwa nimeamua kukufukuza. Nikasema ngoja kwanza taa ziwake.” Alikaa kwenye stuli, akaonekana mzee. “Leo ndiyo nina sababu zaidi. Lakini nikikufukuza, huo mwosho wa tatu unaondoka nao. Mimi nilikuwa Mbeya. Sijui uliutikisa vipi, kwa muda gani, kilishukaje kwenye kioo. Miezi mitatu hainitoshi kukutafuta wewe ndani ya chupa.”

Yule mfanyabiashara aliyemo ndani ya Fausta alisikia sawasawa. Mteja ametaja shida yake, na bidhaa iko kwa mtu mmoja tu mkoa mzima. Siku nyingine angetaja mshahara mpya hapo hapo. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kitu kingine.

“Sina hakika kama naweza kuurudia,” alisema. “Sikuhesabu. Hata muda sikuangalia.”

“Najua hukuhesabu.”

“Nikishindwa?”

“Ukishindwa tutafunga mlango, wewe na mimi, na Mercy ataandika.” Daktari Osea alilisukuma koti kwenye meza mpaka likamfikia. “Jumatatu saa mbili. Malighafi ikifika utaosha mbele yangu, na hutaandika neno mpaka mikono itoke kwenye glovu.”

Fausta alilivaa. Alikaa, akafunua ukurasa mpya, akaandika tarehe ya Jumatatu, na chini yake hakuandika kitu.